Deni la Jina: Sinema za Besiboli na Haki ya Mwenye Jina

Wapo watu wa aina mbili waliojitwika kazi ya kuzijadili sinema za besiboli za Marekani, na wote wamepotea njia. Wa kwanza ni mhesabu makosa. Hukaa mbele ya pazia na daftari mkononi, akaandika kwamba kofia hii haikushonwa hivi mwaka ule, kwamba uwanja huu haukuwa na taa, kwamba mchezaji fulani alipiga kwa mkono wa kushoto ilhali mwigizaji anapiga kwa wa kulia. Wa pili ni mtetezi. Huyu akitajiwa kosa lolote hujibu kwa neno moja: hiyo ni sanaa, na sanaa haiulizwi. Wa kwanza hana tofauti na mchuuzi anayepima lulu na kokoto kwa kibaba kimoja. Wa pili ameitupa pishi yenyewe baharini. Baina ya wawili hawa limepotea swali lililopasa kuulizwa kabla ya mengine yote: msanii anapolichukua jina la mtu aliyeishi kweli, akalitia ndani ya hadithi aliyoibuni mwenyewe, ana deni gani kwa mwenye jina?

Swali hili ni zito katika besiboli kuliko katika michezo mingi, kwa kuwa besiboli ni mchezo wa daftari. Mrushaji huurusha mpira, mpigaji huungoja na gongo mkononi. Akiupiga vyema hukimbia kuvizunguka vituo vinne mpaka arudi alikoanzia. Kila mrusho uliokwenda kombo, kila mpigo, kila mbio huandikwa, na maandishi hayo yamehifadhiwa kwa zaidi ya miaka 100. Mtu aliyecheza siku moja tu mwaka 1905 anayo mpaka leo mstari wake kitabuni. Kwa hiyo mwongozaji wa sinema anayesema kwamba hakujua, ajue kwamba udhuru wake haupokelewi. Hakujua kwa sababu hakufungua kitabu. Au alifungua, akasoma, kisha akaamua vingine.

Msomaji wa pwani hana haja ya kufundishwa kwamba sanaa ina ruhusa zake. Mshairi hulikata neno, tukio hilo likaitwa inkisari. Hulirefusha, likaitwa mazida. Huupindua mpangilio wa maneno ili kina kikae mahali pake, wala hashitakiwi. Lakini ruhusa hiyo hutolewa kwa sababu moja tu, nayo ni mizani. Neno hukatwa ili ubeti usimame, si ili maana ianguke. Anayelikata neno "hakuiba" likabaki "kaiba" ameokoa mizani moja, lakini hakufanya inkisari. Amemzulia mtu wizi. Kanuni hii ya zamani yatosha kuzihukumu sinema hizi. Kila kosa na liulizwe maswali mawili: je, mizani ya hadithi ililidai? Na gharama yake inalipwa na nani?

Na aanze Joe Jackson, maana hakuna aliyesemwa zaidi yake. Katika Field of Dreams, sinema ya mwaka 1989, mkulima wa Iowa anasikia sauti, analifyeka shamba lake la mahindi, anajenga uwanja, na wachezaji waliokwisha kufa wanatokea humo kucheza. Wa kwanza kutokea ni Jackson, mmoja wa wachezaji wanane wa Chicago White Sox waliotuhumiwa kula rushwa ili wafungwe na Cincinnati katika fainali za mwaka 1919. Jackson wa kweli alirusha kwa mkono wa kulia lakini alipiga kwa wa kushoto. Jackson wa sinema, aliyeigizwa na Ray Liotta, anapiga kwa mkono wa kulia.

Mhesabu makosa hapa hupiga kelele, na mtetezi hucheka. Kelele ni nyingi mno, na kicheko nacho si cha haki. Mkono si kitu kidogo katika mchezo huu. Mpigaji wa kushoto husimama upande ulio karibu zaidi na kituo cha kwanza, na mpira unaopindishwa na mrushaji wa kulia humjia badala ya kumkimbia. Mkono ndio sahihi ya mpigaji, na Jackson, mtoto wa kiwanda cha nguo cha South Carolina ambaye hakujua kusoma wala kuandika, hakuwa na sahihi nyingine iliyo bora kuliko hiyo. Wala hadithi haikuudai mgeuzo huo: mwaka mmoja kabla, katika Eight Men Out ya John Sayles, mwigizaji D. B. Sweeney aliyemwigiza Jackson huyo huyo alijifunza kupiga kwa mkono wa kushoto. Lililowezekana mwaka 1988 haliwezi kuwa muhali mwaka 1989. Ni kosa, basi, na ni la uvivu. Walakini gharama yake ni ndogo. Hakuna aliyetoka nje ya ukumbi akimdhania Jackson ubaya asiokuwa nao. Ni kina kilichochechemea, si maana iliyoharibiwa.

Wahesabu makosa wenyewe nao wana deni lao. Kwa miaka mingi walisimulia kwamba katika The Pride of the Yankees ya mwaka 1942, Gary Cooper hakuweza kupiga kwa mkono wa kushoto kama alivyopiga Lou Gehrig. Kwamba kwa hiyo alivishwa sare zenye maandishi yaliyogeuzwa, akapiga kwa mkono wa kulia, akakimbilia kituo cha tatu badala ya cha kwanza, kisha filamu ikapinduliwa. Ilikuwa hadithi tamu, na ilirudiwa mpaka ikawa kama ushahidi. Mwaka 2013, Tom Shieber, mtunzaji katika jumba la makumbusho la besiboli huko Cooperstown, aliichunguza sinema hiyo picha kwa picha, vifungo na mishono ya sare pamoja, akaonyesha kwamba Cooper alipiga kwa mkono wa kushoto kweli. Mwigizaji aliyejitaabisha kuitafuta kweli akasemwa kwa miongo saba kwamba alidanganya. Anayemsahihisha mwenzake kwa uvumi hana ubora juu ya aliyekosea kwa uvivu.

Kuna tofauti nyingine ambayo pande zote mbili hazitaki kuiona, nayo ni ile kati ya jina lililobuniwa na jina lililoazimwa. Mwaka 1952 Bernard Malamud aliandika riwaya, The Natural, ambamo shujaa wake, Roy Hobbs, anashindwa katika pigo lake la mwisho. Mwaka 1984 sinema iliyotokana na riwaya hiyo ikamfanya Hobbs aupige mpira mpaka kwenye taa za uwanja, zikapasuka na kumwaga cheche kama fataki za sikukuu. Wapenzi wa riwaya wana haki ya kulalamika kwamba msiba umegeuzwa arusi. Hilo ni shauri la fani. Lakini hakuna mtu aliyedhulumiwa, kwa sababu Hobbs hana kaburi. Aliyembuni aliweza kumshinda, na aliyemrithi aliweza kumshindisha.

A League of Their Own ya mwaka 1992 ilikwenda njia hiyo hiyo kwa busara. Ligi ya wanawake inayosimuliwa ilikuwapo kweli, tangu 1943 hadi 1954. Makosa ya kihistoria yamo: mwaka 1943 warushaji wa ligi hiyo waliurusha mpira kwa mkono kutokea chini, ilhali katika sinema wanaurusha kwa kupitisha mkono juu ya bega, na fainali ya mwaka huo Racine waliwashinda Kenosha, si Rockford. Lakini mwongozaji, Penny Marshall, aliwapa wahusika wake wakuu majina ya kubuni. Kocha mlevi wa sinema alichongwa kwa kumtazama Jimmie Foxx, mpigaji mkubwa aliyewahi kuifundisha timu ya ligi hiyo. Lakini hakuitwa Foxx. Hapo ndipo heshima ilipolindwa. Fauka ya hayo, sinema hiyo ina kisa cha nukta chache: mwanamke mweusi, aliye nje ya uwanja, anauokota mpira uliopotea na kuurudisha kwa nguvu isiyotarajiwa, kisha anaondoka bila neno. Ligi ile haikuwapokea wanawake weusi. Toni Stone alikwenda kucheza na wanaume katika timu ya watu weusi, Indianapolis Clowns, mwaka 1953. Sinema iliyokosea namna ya kurusha mpira ilipatia katika jambo zito zaidi, na mhesabu makosa hana safu ya kuliandika hilo katika daftari lake.

Hata jina lililoazimwa laweza kulipiwa vizuri. Archibald Graham aliichezea New York Giants mechi moja tu, tarehe 29 Juni 1905, wala hakupata zamu ya kupiga. Baadaye akawa daktari katika mji mdogo wa Chisholm, Minnesota, akawatibu watoto wa wachimba madini kwa miaka mingi, akafariki mwaka 1965. Field of Dreams iliisogeza mechi yake hadi mwaka 1922 na kifo chake hadi 1972. Tarehe zote mbili ni batili. Lakini hapa mizani ilidai: hadithi ilimhitaji mzee ambaye mkulima wa Iowa angeweza kumkuta usiku mmoja barabarani. Na gharama haikumwangukia Graham. Alitoka katika sinema akiwa alivyokuwa maishani, daktari aliyependwa na mji wake, na mstari wake mmoja kitabuni ukajulikana duniani. Huo ndio mkopo uliorudishwa na shukrani juu yake.

Sasa yaje makosa ambayo mtetezi huyapita haraka.

Moneyball ya mwaka 2011 yasimulia msimu wa 2002 wa timu ya Oakland, timu yenye fedha chache iliyoshinda mechi 103, ishirini kati ya hizo mfululizo. Kwa mujibu wa sinema, siri ilikuwa hesabu za kijana mmoja na ushujaa wa meneja mkuu, Billy Beane, waliookota wachezaji waliotupwa na wengine. Hatteberg alikuwapo kweli, na mpigo wake wa kuipata mechi ya ishirini ulivuka uzio kweli, baada ya timu kuongoza kwa 11 kwa 0 na kuacha wapinzani wasawazishe. Lakini wako wapi Barry Zito, Tim Hudson na Mark Mulder? Zito alitwaa mwaka huo huo tuzo ya mrushaji bora wa ligi yake. Miguel Tejada, kijana wa Dominika, alitwaa ile ya mchezaji bora. Nguzo hizi za nyumba zinapita katika sinema kama vivuli ukutani. Chad Bradford na Jeremy Giambi wanaonyeshwa kana kwamba ni wageni wa mwaka 2002, ilhali wote wawili waliichezea Oakland mwaka uliotangulia. Na kocha Art Howe, mtu aliyeiongoza timu hiyo uwanjani siku zote 162, amefanywa mkaidi mzito wa akili ili werevu wa wengine uonekane. Howe alikuwa hai, akaiona, akasema hadharani kwamba ameumizwa.

Kunyamaza nako ni kusema. Mtunga utenzi wa vita akimsifu mpiga baragumu na kuwasahau waliopigana, hakufupisha, amepotosha. Na kwamba waliohusika waliujua uzito wa jina kuna ushahidi wake: yule kijana wa hesabu anaitwa Peter Brand kwa sababu Paul DePodesta, mtu wa kweli aliyeifanya kazi hiyo, aliuona mchoro wa mhusika haufanani naye, akaomba jina lake liondolewe. Likaondolewa. Mwenye sauti alisikizwa. Na yule aliyekwisha kufa amwombe nani?

Fritz Ostermueller alifariki mwaka 1957. Katika sinema iitwayo 42, ya mwaka 2013, mrushaji huyu wa Pittsburgh anamlenga Jackie Robinson kichwani kwa makusudi, kisha anamwambia kwamba hapo si mahali pake. Mwishoni Robinson anamlipa kwa kuupiga mpira nje ya uzio, na mpigo huo unaonekana kuwa ndio uliolipatia Brooklyn taji la ligi. Kumbukumbu zasema vingine. Mei 1947 mpira wa Ostermueller ulimpata Robinson mkononi, mkono aliouinua kujikinga, si kichwani. Mpigo wa Septemba ulikuwapo, lakini ulipigwa katika zamu ya nne, wala si huo uliotwaa taji. Na juu ya yote, Ostermueller alikuwa na shoto. Mrushaji wa sinema anatumia mkono wa kulia. Mhesabu makosa ataandika mkono na kufunga daftari. Lakini mkono hapa ni dalili tu ya maradhi: waliomvisha mtu sare ya mbaguzi hawakujishughulisha hata kumjua.

Je, mizani ilidai? Ubaya wa mwaka 1947 haukuwa haba hata uhitaji kuongezewa. Ben Chapman, kocha wa Philadelphia, alimtukana Robinson mbele ya halaiki mwezi Aprili mwaka ule, na matusi yake yalishuhudiwa na kuandikwa. Sinema hiyo hiyo yamwonyesha, na inafanya vyema kumwonyesha. Mwovu wa kweli alikuwapo, ana jina, ana tarehe. Kumtafutia mwenzake kwa kubahatisha hakumzidishii Robinson utukufu. Kunampa anayetaka kuikana historia ile nafasi ya kusema: kama mmedanganya hapa, nani ajuaye mlikodanganya kwingine? Robinson alivumilia ukweli wote. Hakuhitaji kuvumilia uongo pia.

Ty Cobb ametendewa vibaya kuliko wote. Sinema iliyobeba jina lake, ya mwaka 1994, ilimfuata Al Stump, mwandishi aliyemsaidia Cobb kuandika habari za maisha yake na ambaye, mzee alipofariki mwaka 1961, aliendelea kumwandika peke yake, kila mara kwa rangi nyeusi zaidi. Sinema hiyo yamwonyesha Cobb akijitapa kwamba aliwahi kumwua mtu. Mwaka 2015 Charles Leerhsen alichapa kitabu cha maisha ya Cobb, akarudi kwenye magazeti na nyaraka za wakati ule, na sehemu kubwa ya masimulizi ya Stump ikaonekana haina miguu ya kusimamia. Cobb hakuwa malaika. Mwaka 1912, huko New York, aliruka akaingia katika viti vya watazamaji na kumpiga mtu aliyekuwa akimtukana, akafungiwa kucheza kwa kosa hilo. Jambo hilo lina mashahidi. Aliyetaka kuionyesha hasira yake alikuwa na mali halali ya kutosha. Kwa nini akaibe?

Mtetezi hapa huleta hoja tatu, na zote zastahili jibu.

Husema kwanza kwamba sinema ina muda wa saa mbili tu, na msimu mzima hauingii humo. Ni kweli, ndiyo maana fani ya kufupisha ikaitwa fani. Lakini kumpiga mtu kichwani hakuchukui muda mfupi kuliko kumpiga mkononi. Uongo katika 42 haukuokoa hata nukta moja.

Husema pili kwamba nia ilikuwa njema: kuulaani ubaguzi, kuusifu werevu, kuliliza jicho. Lakini nia njema ya msemaji haimfuti machozi aliyesingiziwa. Sadaka haitolewi kwa mali ya jirani.

Husema tatu, na hii ndiyo hoja yake nzito, kwamba mashujaa wote hutiwa chumvi. Je, Fumo Liyongo, katika utendi ulioandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, hakuwa na nguvu zipitazo za binadamu? Hakufa kwa sindano ya shaba kitovuni, kwa mkono wa mwanawe? Nani aliyedai cheti? Hoja ni nzuri, ila yachanganya vitu viwili. Liyongo amewajia watu kutoka katika masimulizi ya karne nyingi, na hakuna daftari linalopingana na utendi. Msikilizaji ajua kwamba anasikia utendi, na chumvi hiyo humkuza aliyetajwa. Ostermueller ana daftari na ana kaburi lijulikanalo, na sinema ilijitangaza kwa watazamaji kuwa ni kisa cha kweli. Chumvi ya utendi hutiwa chunguni mbele ya wageni. Hii ilitiwa katika kidonda cha mtu mwingine, nyuma ya pazia.

Wala isidhaniwe kwamba haya ni mambo ya kale yasiyomgusa mtu. Mei 2025, zaidi ya miaka 100 tangu afungiwe maisha na miaka 73 tangu afariki, Joe Jackson aliondolewa katika orodha ya waliopigwa marufuku, kwa uamuzi wa kamishna wa besiboli kwamba adhabu hiyo hukoma kwa kifo. Mahakama ya majina haifungwi. Kesi ya marehemu husikizwa tena na tena, na mara nyingi majaji wake ni watu ambao hawakusoma daftari lolote; walikwenda kuangalia sinema Jumamosi usiku.

Njia ya haki ipo, na washairi wa pwani wameipita tangu zamani. Anayetaka kumsema mtu kwa ukali asioweza kuuthibitisha hutumia fumbo: humwita nyoka, humwita kozi, humwita mgeni mla mbegu. Mwenye kujua atajua, na mwenye jina amebakiwa na jina lake. Malamud aliijua njia hiyo, na Marshall aliijua. Ubunifu haukuwafinyia kitu. Uliwapa uwanja mpana zaidi, kwa sababu mtu aliyebuniwa hubeba mzigo wowote atwikwao.

Mwongozaji ana hiari, basi. Akitaka uhuru wote, na abuni jina; hapo auvunje mwaka, ageuze mkono, azipasue taa zote za uwanja, wala asiulizwe. Akilitaka jina la mtu kwa sababu jina hilo lajaza viti ukumbini, na alichukue pamoja na daftari lake. Asogeze tarehe ikimlazimu, akate zamu tano kati ya tisa, lakini asimwongezee mwenye jina dhambi hata moja ambayo hakuitenda. Jina la mtu ni amana, na aliyelichukua safi atakiwa kulirudisha safi.